Umeteguka enka au mgongo umekaza baada ya mechi: fanya hivi kabla hujampa mtu auvunje

Kila Jumatatu simu yangu inajaa picha za miguu. Jumamosi watu wamekimbia jogging asubuhi, jioni likawa bonanza, Jumapili wamelala wakiamini itapoa yenyewe, Jumatatu kiatu cha kazini hakiingii. Maswali ni yale yale: nimtafute mzee anichue? Nikapige picha? Nimeona video jamaa anamvunja mtu mgongo, mifupa inalia, af mtu anainuka anacheka, na mimi niende? Hiyo kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma mgongo na viungo kwa mikono, inaongeza spidi kweli? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwahiyo naandika yote hapa na ukiulizwa na mwenzio mtumie.

Ujue kwanza unasoma maneno ya nani. Mi ni mtu wa fiziotherapia (fizio), yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, sio kairopraktika, yule anayefanya kairopraktiki, kwahiyo nina upande wangu, we nisome ukijua hivyo. Nazungumzia enka na mgongo wa chini kwa mtu mzima, maana ndo ninavyoletewa zaidi, hasa kiangazi uwanja ukiwa mgumu kama ulivyo huku kwetu Dodoma, changarawe juu, mashimo chini, na wafanyakazi wa maofisini wanaojiandaa na SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, ambao mara ya mwisho kukimbia walikuwa sekondari. Mtoto usimpime kwa mwongozo huu, mpeleke hospitali, mifupa yake bado inakua.

KABLA YA KUANZA UWE NA HIVI

- Krepu bandeji mbili, zile zinazovutika, za inchi 4. Duka la dawa lolote wanazo.
- Barafu. Duka la mtaani lenye friji linatosha, hata zile barafu za ubuyu za watoto zinafanya kazi na ukimaliza unaila.
- Kitaulo au kanga ya kuzungushia hiyo barafu.
- Peni.
- Panadol.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli, ikatwe iwe kamba ya kama mita moja na nusu. Fundi baiskeli anakupa bure au unampa jero.
- Kiti kisichoyumba, na ukuta.
- Kadi ya bima, kitambulisho, na namba ya mtu wa bajaji. Nasema bajaji, sio boda. Kwenye boda mguu mbovu unaning'inia na kila tuta unalisikia.

Ile dawa ya kuchua inayowaka iache nyumbani. Tutafika huko.

HATUA YA 1: Toka uwanjani

Toka kabisa, sio unakaa pembeni dakika tano af unaomba kurudi. Najua kila mtu hapa anamkumbuka John Stephen Akhwari, yule mzee wetu wa Mbulu aliyeanguka akaumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na akamaliza mbio akichechemea, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Ile ilikuwa Olimpiki, amebeba jina la nchi. Hii yako ni mechi ya wahasibu na watu wa manunuzi, zawadi ni mbuzi.

Kaa chini, legeza kamba, vua kiatu na soksi taratibu kabla uvimbe haujaja. Ukiona mguu umekaa upande usio wake, usivute kitu na usimruhusu mtu "aurudishe". Uegemeze ulivyo, ita bajaji.

HATUA YA 2: Jipime kama ni wa hospitali

Hapa watu wanaruka, af baada ya wiki mbili unaambiwa mfupa una ufa na ulikuwa unachuliwa muda wote. Kuna kipimo cha mikono tu ambacho madaktari wa Ottawa, Kanada, walikichapisha mwaka 1992 na mpaka leo kinatumika dunia nzima. Bonyeza kwa kidole, kwa nguvu ya kueleweka, sehemu hizi nne:

a) Ule mfupa uliochomoza nje ya enka: ukingo wake wa nyuma, kuanzia nchani kupanda juu kama sentimita 6.
b) Ule wa ndani, hivyo hivyo, ukingo wa nyuma na ncha.
c) Pembeni ya unyayo upande wa kidole kidogo, katikati hivi kati ya kisigino na kidole, kuna kinundu cha mfupa.
d) Upande wa ndani juu ya unyayo, mbele kidogo ya enka, kwenye kilele cha lile tao.

Mfupa wenyewe ukiuma kwenye mojawapo ya hizo, kapige eksirei. Halafu simama utembee hatua nne. Kuchechemea ruksa. Kama ulishindwa pale pale ulipoumia na sasa hivi bado unashindwa, nenda pia kapige eksirei, hata kama mifupa haiumi ukiibonyeza. Ukiwa umefaulu vyote, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na hela ya picha unaweza kuitunza.

Kosa la kawaida ni kubonyeza nyama laini iliyo mbele na chini ya mfupa wa nje. Hapo lazima paume, ndo kano lilipovutika. Tunatafuta maumivu kwenye mfupa. Na kipimo hiki hakifai kama umekunywa, au una kisukari na miguu ina ganzi, maana hisia zako haziaminiki.

Hawa wengine wasijipime, waende moja kwa moja:

- Umesikia "pa!" nyuma ya kisigino, ukageuka ukadhani umepigwa teke na nyuma hakuna mtu, na sasa huwezi kusimama kwa vidole. Hilo ni kano kubwa la kisigino.
- Goti limevimba ndani ya saa chache au limejifunga halinyooki.
- Vidole vya mguu vimekuwa vya baridi, vimepauka au havina hisia.
- Mgongo unauma na umepata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au mkojo umegoma, au unatoka bila kujua, au miguu imelegea. Hii usingoje asubuhi, nenda usiku huo huo.
- Mgongo unauma na una homa, au umekuwa ukikonda bila sababu.
- Umeanguka na kichwa au shingo. Huyu hata kuinuliwa asiinuliwe mpaka waje wanaojua. Nimeona mara nyingi sana watu wanamkalisha mchezaji na kummwagia maji kichwani, jamani acheni.

HATUA YA 3: Saa 72 za mwanzo

Ile kanuni ya pumzisha, weka barafu, bana, inua ilitungwa mwaka 1978 na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, na miaka mingi baadaye mwenyewe akabadili msimamo kuhusu barafu na kulala tu bila kujisogeza. Kwahiyo barafu ichukulie kama dawa ya maumivu basi: dakika 10 mpaka 15, kitaulo katikati, af uache angalau saa mbili. Ukiweka barafu wazi kwenye ngozi nusu saa utapata kidonda juu ya jeraha.

Kubana na kuinua ndo vya maana. Kufunga bandeji enka iko hivi: mguu ukunjwe, unyayo na mguu vifanye pembe ya mraba, kama unavyosimama. Anzia nyuma tu ya vidole, zungusha mara mbili, panda juu ya mguu kwa mshazari, pita nyuma ya enka, shuka mshazari upande wa pili, pita chini ya unyayo, rudia ile namba nane mpaka umepita enka kwa upana wa kiganja. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita. Vuta zaidi kwenye vidole na legeza kadri unavyopanda, watu wengi wanafanya kinyume, juu wanakaza chini wamelegeza, uvimbe wote unashukia kwenye vidole. Ukimaliza bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Haijarudi? Fungua uanze upya. Usiku fungua, lala mguu ukiwa juu ya mto.

Chora kwa peni mpaka wa uvimbe na uandike saa. Kesho utajua unapanda au unashuka, sio unakisia.

Sasa vitu vya kukataa hizo siku tatu: kuchuliwa, maji ya moto na chumvi, dawa inayowaka, na pombe. Najua mzee wa kuchua atakwambia anaitawanya damu iliyovilia. Ndani kuna vimishipa vimechanika vinajaribu kujifunga, ukivikamua vinafunguka upya, na uvimbe ambao ungeisha kwa wiki unakaa mwezi. Na mvinyo wetu wa zabibu ni mzuri sana ila unaongeza kuvimba, usubiri.

Dawa: panadol mbili za miligramu 500, kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku. Mwenye ini bovu au mnywaji mkubwa aulize kwanza. Diklofenaki usijinunulie kama una vidonda vya tumbo, figo, presha au ujauzito. Na ile ya kuchomwa sindano ya diklo mapumziko ili umalizie kipindi cha pili, hiyo ni kuzima kengele wezi wakiwa ndani.

Wa mgongo nyie mambo yenu tofauti. Mgongo uliokaza baada ya kunyanyua chuma au kupiga shuti vibaya unapenda joto, kwahiyo chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga ruksa. Usilale siku tatu. Tembea kidogo kidogo ndani ya nyumba, ukichoka lala chali sakafuni kwenye mkeka, vigimbi juu ya kiti, magoti yamekunjwa. Dakika kumi hapo zinasaidia kuliko godoro.

HATUA YA 4: Anza kusogeza mapema

Siku ya pili au ya tatu, mguu ukiwa juu, kunja na kunjua enka mara kumi mara kumi, kila saa ukiwa macho. Halafu andika alfabeti hewani kwa kidole gumba, A mpaka Z. Maumivu mpaka 3 kati ya 10 yavumilie, yakizidi punguza.

Ukianza kukanyaga, kisigino kitangulie af vidole. Wengi wanatembea mguu umegeuzwa nje kama bata ili enka isikunje, wiki tatu baadaye imekaza na goti nalo linalalamika. Bora hatua fupi zilizonyooka. Mkongojo unashikwa mkono wa upande MZIMA, sio upande unaouma.

HATUA YA 5: Chagua nani akuguse

Hapa ndo penye maswali mengi na mimi nitakaa kidogo.

Kairopraktiki ilianzia Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895. D. D. Palmer, ambaye alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku, alimsukuma mgongo mtunza jengo mmoja aliyekuwa hasikii vizuri, Harvey Lillard, na ikasemwa akasikia. Akajenga nadharia kwamba magonjwa yanatokana na pingili kukaa vibaya. Nadharia hiyo haijasimama. Ila ule ujuzi wa mikono umebaki, na kairopraktika wengi wa leo waliosoma vizuri wanafanya kazi inayofanana sana na ya fizio: wanakupima, wanasukuma kiungo kilichokaza, wanakupa mazoezi.

Ile sauti ya kwa-kwa sio mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna ute wenye gesi, ukikivuta ghafla presha inashuka na sauti inatoka, kama soda inapofunguliwa. Pingili yako haikuwa imehama. Ingekuwa imehama kweli ungekuwa umelala hospitali ya Benjamin Mkapa, usingekuwa unasoma hapa.

Inasaidia wapi basi? Mgongo wa chini, ndiyo, kiasi. Kwa wengi inapunguza maumivu karibu sawa na mazoezi na tiba nyingine zinazoshauriwa, sio zaidi. Enka iliyokaza wiki kadhaa baada ya kuteguka, kuichezesha kwa mikono kunaweza kurudisha kule kukunja mbele, ikiambatana na mazoezi. Enka mbichi ya jana, hapana, usimpe mtu yeyote aivute, awe na shahada au awe na mafuta ya kondoo.

Na spidi? Hakuna ushahidi wa maana kwamba kuvunjwa mgongo kunakufanya ukimbie kasi au upige shuti kali. Unajisikia mwepesi siku hiyo, sikatai, ila saa ya mkononi haidanganyiki. Wauzaji wanapenda kukuonyesha picha ya mgongo wako na kusema "umeona ulivyopinda? Ndo maana huna spidi". Usain Bolt ana mgongo uliopinda tangu utotoni, yeye mwenyewe amelisema hadharani, na akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009. Alichofanya ni kuimarisha misuli ya kiuno na nyonga mwaka hadi mwaka.

Shingo naiweka peke yake. Kuzungushwa shingo ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ni nadra. Lakini kwa kijana aliyekuja na enka, hiyo nadra ya nini? Sema mapema kabla hujalala kitandani: shingo usiguse.

Kwa sisi wa Dodoma ukweli ni kwamba wenye shule ya kairopraktiki ni wachache nchini, na huku bara unayekutana naye anayejiita hivyo mara nyingi amejifunzia kwenye simu. Kilicho karibu nawe ni fizio. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoiita General, au Benjamin Mkapa upande wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), ulizia kitengo cha fiziotherapia. Wengi wetu tumepita KCMC Moshi na tumesomea hivi hivi vitu. Kama una bima piga simu kwanza uulize kama inalipia na kama unahitaji karatasi ya rufaa, usiende kugombana dirishani.

Ukimpata kairopraktika na unataka kwenda naye, nenda, ila muulize bila aibu:

- Umesoma wapi na kwa miaka mingapi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka saa zisizopungua 4,200 za masomo, kama miaka minne, 1,000 kati ya hizo ukiwa na wagonjwa chini ya usimamizi. Kozi ya wikiendi sio hiyo.
- Umesajiliwa wapi, leseni iko wapi niione? Aliyenayo hakasiriki.
- Utanipa mazoezi ya nyumbani? Akisema hayahitajiki, aga.

Aga pia akikuuzia kifurushi cha miezi kabla hajakupima, akisema anatibu kisukari au ugumba kwa kusukuma mgongo, akitaka akurekodi video kabla hajakuuliza unaumwa nini. Na mzee wa mtaani anayeunga mifupa, shikamoo nyingi na heshima zake, ila asishike kitu kabla ya eksirei.

HATUA YA 6: Siku ya miadi

Vaa bukta na fulana iliyolegea. Beba raba au njumu unazochezea, soli iliyolika upande mmoja inaniambia mengi kuliko maelezo yako. Beba picha za eksirei kama zipo. Eleza: uliumiaje, mguu uligeukia ndani au nje, uliweza kuendelea kutembea, na unataka kurudi kufanya nini. "Nataka nicheze wingi ya kulia mwezi ujao" inanisaidia kuliko "nataka nipone".

Taja dawa unazotumia, hasa za kuyeyusha damu, taja kama mifupa yako ni dhaifu au uliwahi kuwa na saratani. Kwa hao hatusukumi mgongo kwa nguvu.

Mtaalamu lazima akuguse na akupime kabla hajatibu, na akueleze anachotaka kufanya. Ukisema basi, iwe basi. Baada ya wiki tatu nne kama hakuna mabadiliko yoyote, usiendelee kulipia kitu kile kile, omba mpango mwingine au daktari wa mifupa.

HATUA YA 7: Mazoezi (hapa ndo unapona)

Enka, kuanzia wiki ya kwanza au ya pili, mara moja kwa siku:

1. Funga tyubu mguu wa meza, ingiza unyayo, vuta kwenda nje, ndani, juu, chini. Mara 15 kila upande, raundi tatu. Wa nje usiuruke, ndo unaokulinda usiteguke tena.
2. Shika ukuta, nyanyuka kwa vidole miguu miwili, shuka taratibu ukihesabu tatu. Ikiwa rahisi hamia mguu mmoja.
3. Simama mguu mmoja ukipiga mswaki. Asubuhi macho wazi, ukizoea funga macho, karibu na ukuta tafadhali.

Mgongo:

1. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio mpaka mwili unyooke, hesabu tano, shuka. Mara 12.
2. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, kiuno kisiyumbe, badilisha. Mara 8 kila upande.
3. Tembea dakika 20 mpaka 30. Bure kabisa, na jioni huku kuna upepo mzuri.

Kosa kubwa ni kuacha siku maumivu yanapoisha. Maumivu yanaisha mapema, uimara unakuja baadaye, na katikati hapo ndo watu wanateguka mara ya pili. Endelea angalau wiki sita mpaka nane.

HATUA YA 8: Jaribio la kurudi

Usiniulize "nirudi baada ya siku ngapi". Fanya haya, kwa mpangilio, na ukishindwa moja rudi hatua ya 7:

- Weka kidole gumba sentimita 10 kutoka ukutani, gusa ukuta kwa goti bila kisigino kunyanyuka. Mguu wa pili ufanye pia, tofauti isizidi sentimita 2 hivi.
- Nyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 20.
- Simama mguu mmoja sekunde 30 bila kugusa kitu.
- Ruka kwa mguu mmoja mara 10 mahali pamoja, kisha mbele, kisha pembeni. Ukitua usitetereke.
- Kimbia mbele polepole, kisha kasi. Halafu zigizaga na kugeuka ghafla.
- Mazoezi kamili na timu, angalau mara mbili, kesho yake pasivimbe.

Wakimbiaji anzieni tambarare. Ile miinuko ya kuelekea UDOM iwe ya mwisho.

HATUA YA 9: Kupasha

Kuzunguka uwanja mara mbili na kuvuta paja dakika moja sio kupasha. Tafuta mpango wa FIFA 11+, mazoezi 15, kama dakika 20, hauhitaji kifaa. Timu zilizoufuata vizuri zimepunguza majeraha kwa kama theluthi na zaidi. Kupasha bila mpira kunaboa, najua, makocha wa ndondo wananichukia kwa hili.

MAMBO YAKIGOMA

Uvimbe haujashuka wiki ya tatu. Jioni ukiwa umesimama kazini kuvimba kidogo ni kawaida. Ukiamka asubuhi bado umevimba vile vile, au huwezi kukanyaga, rudi hospitali hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Nyufa nyingine hazionekani siku ya kwanza.

Kigimbi kimevimba, kina joto, kinauma ukikibonyeza. Hasa kama ulilala sana au ulifungwa plasta. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Usichue, nenda leo. Ukiongezea kifua kubana au kukosa pumzi, nenda sasa hivi.

Nilishachuliwa, sasa enka imevimba zaidi. Acha, rudi hatua ya 2 ujipime upya, af hatua ya 3 kana kwamba umeumia leo.

Baada ya kusukumwa mgongo nauma zaidi. Siku moja mbili za kuhisi kama umelima ni kawaida. Ganzi inayoshuka mguuni, mguu kulegea au mkojo kugoma sio kawaida.

Baada ya kuvunjwa shingo nina kizunguzungu, naona viwili, ulimi mzito, kichwa kinauma kwa namna sijawahi. Hospitali muda huo huo, na sema "nimezungushwa shingo", usifiche kwa kuona aibu.

Enka inateguka kila mwezi. Haujalaaniwa, ni ile ya nje ya tyubu na kusimama mguu mmoja hukufanya. Rudi hatua ya 7, na ukicheza vaa soksi ya enka ya kufunga kwa kamba. Ikiendelea baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, muone daktari wa mifupa.

Eksirei safi lakini enka inanasa na kugonga ndani. Inaweza kuwa kipande cha gegedu. Omba daktari aangalie kama inahitaji kipimo kingine.

Kocha ananilazimisha nicheze fainali. Mwite pembeni, fanya mbele yake zile ruka kumi za mguu mmoja za hatua ya 8. Ukifika ya nne ukaanza kushika bega lake, atamwita mtu wa akiba mwenyewe.